Kubadili USBasp iprogramu chipu za volti 3.3 zikiwa kwenye bodi

Swali la kwa nini redio kwenye bodi ya volti 3.3 hufa baada ya kuprogramu kwa USBasp (programa, yaani kifaa cha USB kinachopakia programu ndani ya chipu) nimelijibu mara nyingi hata nikachoka kulichapa upya. Mtu ana bodi yenye chipu ya ATmega328P na redio ya LoRa (redio ya data ya masafa marefu), bodi nzima ni ya volti 3.3. Amesogeza jampa (kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) ya USBasp yake kwenye alama ya 3.3V, akaprogramu, chipu ikakubali. Kesho yake redio haisikii, haijibu, haifanyi chochote. "Lakini jampa ilikuwa 3.3V!" Ndiyo, ilikuwa hapo. Jampa ile haifanyi kazi unayoidhania.

Mimi nililipia somo hili kwa redio mbili za LoRa aina ya RFM95 zilizokuwa za kupima maji ya tangi. Ya kwanza nililaumu muuzaji. Ya pili ikabidi nijilaumu mwenyewe.

Nadharia ni fupi. USBasp ni programa iliyobuniwa na Mjerumani Thomas Fischl na michoro yake iko wazi kwa yeyote, ndiyo maana nakala za China zimejaa madukani kwa bei ya chakula cha mchana. Kwenye nyingi ya nakala hizo, jampa JP1 inabadili umeme unaotoka kwenye pini ya VCC (pini ya umeme) tu. Chipu ya programa yenyewe inaendelea kula volti 5, na nyaya zake za ishara, yaani MOSI (data ya kwenda), SCK (mpigo wa saa) na RST (kuanzisha chipu upya), zinatema volti 5 vilevile. Bodi yako inapewa chakula cha 3.3 halafu inapigwa kelele za 5. ATmega kwenye pini zake inaruhusiwa VCC na nusu volti juu yake, basi. Redio ya RFM95 imejengwa juu ya chipu ya SX1276 ambayo umeme wake wa kazi unaishia volti 3.7, na MOSI na SCK zake ndizo zilezile unazotumia kuprogramu. Inaunguzwa kimyakimya, wala hutaona moshi.

Dawa ninayoipenda mimi ni kuifanya programa nzima iishi kwenye 3.3. Hakuna cha kubadilisha tena baadaye wala cha kusahau. Ukihitaji ya volti 5, nunua USBasp ya pili.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- USBasp moja ambayo tayari inafanya kazi. Usianze na mbovu ukitumaini ukarabati utaiponya.
- Regyuleta ya volti 3.3 (kipuri kinachoshusha volti 5 kuwa 3.3). Napendelea MCP1700-3302 yenye umbo la TO-92, miguu mitatu. AMS1117-3.3 nayo inafaa na ndiyo rahisi kupatikana Kariakoo au Luthuli Avenue, ila ni pana kidogo na inataka kapasita kubwa zaidi upande wa kutoka (22 µF).
- Kapasita mbili za 1 µF kama umechukua MCP1700.
- Rezista moja ya kilo-omu 4.7. Utaona kazi yake mbele.
- Rezista chache za kilo-omu 10.
- Multimita yenye mlio wa kupima mwendelezo wa waya.
- Chuma cha kulehemia chenye ncha nyembamba, risasi, fluksi, utambi wa kunyonyea risasi, na wembe mpya.
- Chaja ya simu ya zamani. Usicheke, ina kazi yake hapo chini.
- Kompyuta yenye avrdude, programu inayoiongoza programa kwa amri.

Hatua

1. Pima kabla hujagusa kitu. Weka JP1 kwenye 3.3V, chomeka USBasp kwenye kompyuta bila kuunganisha bodi yoyote. Kwenye kichwa chenye pini kumi, pima kati ya pini 2 (VCC) na pini 10 (GND, yaani hasi). Utapata karibu 3.3. Sasa hamisha ncha nyekundu kwenye mguu wa 4 au wa 6 wa chipu kubwa ya mraba, hiyo ndiyo VCC yake. Ukiona karibu 5, programa yako ni ya kundi ninalolisema. Ukiona 3.3 na huko pia, mtengenezaji wako alikuwa mwungwana. Funga mwongozo huu urudi kazini.

2. Soma jina la chipu. Tumia kamera ya simu na mwanga wa ubavuni. Unatafuta ATmega8A. Herufi A ile mwishoni ndiyo kila kitu: ATmega8A inaruhusiwa kukimbia hadi megahezi 16 kuanzia volti 2.7, na kristali ya USBasp (kipuri kinachoipa chipu mpigo wa saa) ni megahezi 12, kwa hiyo tuko salama. ATmega8 ya zamani isiyo na herufi inataka volti 4.5 kwenda juu. ATmega8L inashuka hadi 2.7 lakini mwisho wake ni megahezi 8. Ukiwa na mojawapo ya hizo mbili, inaweza ikafanya kazi mezani kwako leo na kukugomea siku ya joto. Ruka hadi sehemu inayosema "Kama chipu yako siyo A".

3. Ukiwa na Arduino Uno, soma fyuzi za USBasp sasa hivi. Fyuzi hapa ni zile biti za mipangilio ndani ya chipu, siyo fyuzi ya umeme. Pakia ArduinoISP (programu inayoigeuza Uno kuwa programa) kwenye Uno. Chomoa USBasp kwenye kompyuta, iunge na Uno kwa kichwa chake cha pini, umeme utoke kwa Uno, rudisha JP1 kwenye 5V, kisha unganisha JP2, jampa inayoruhusu USBasp yenyewe kuprogramiwa (kwenye bodi nyingine ni matundu mawili matupu, yaunge kwa kipande cha waya). Halafu:

`avrdude -c stk500v1 -P /dev/ttyACM0 -b 19200 -p m8 -U lfuse:r:-:h -U hfuse:r:-:h`

Angalia lfuse (lfuse na hfuse ni mafungu mawili ya biti hizo). Ya USBasp ya asili ni 0xEF na hfuse ni 0xC9. Hofu yangu ni kinga ya kushuka kwa umeme: kwenye chipu hii inaweza kuwekwa volti 2.7 au volti 4.0. Ikiwa imewashwa na imewekwa 4.0, ukiipa chipu 3.3 itakaa imejizima milele na wewe utahangaika na risasi usiku kucha bure. Kama lfuse inaanza na 0, 1, 2 au 3 (0x3F, kwa mfano), ndivyo ilivyo. Rekebisha kwa `-U lfuse:w:0xef:m`. Ukimaliza, toa kiunganishi cha JP2.

Huna Uno? Endelea tu, wengi hawakutani na hili. Ila likumbuke.

4. Tafuta mahali volti 5 inapoingilia. Chomoa kila kitu. Plagi ya USB ina vidole vinne. Viwili vya pembeni ni umeme. Weka multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye pini 10 ya kichwa. Kidole cha pembeni kinacholia ni GND. Cha pembeni kisicholia ndicho volti 5. Kutoka hapo fuata njia ya shaba. Bodi nyingi zina F1, kile kipande bapa cha kijani au cheusi jirani na plagi: ni fyuzi ya umeme inayojirudisha yenyewe. Ukiwa na F1, umepata mlango. Bila F1, fuata njia mpaka upate sehemu iliyo kabla ya *kila kitu*: kabla ya chipu, kabla ya JP1, kabla ya regyuleta ndogo iliyopo.

5. Kata. Mwenye F1 asikate kitu. Pasha moto upande wa F1 ulio mbali na plagi, uinue, fyuzi isimame wima kwa mguu wa upande wa plagi. Upande ulio hewani ndio utakaolisha regyuleta. Asiye na F1 akate njia kwa wembe mikato miwili yenye pengo la milimita moja, kisha akwangue kipande cha katikati kitoke. Mkato mmoja mwembamba huonekana umekata lakini shaba inagusana. Hakikisha kwa mlio: kidole cha volti 5 na mguu wa 4 wa chipu visilie.

6. Lehemu regyuleta. MCP1700 ya TO-92, ukiitazama uso bapa miguu ikiangalia chini, kutoka kushoto: GND, kuingia, kutoka. Haifanani na 78L05 ambayo mafundi wengi wameizoea, na ndilo kosa ninaloliona kuliko yote kwenye hatua hii. Aliyechukua AMS1117 akumbuke kwamba bati lake kubwa la juu ni *kutoka*, siyo GND. Likigusa ganda la plagi umetengeneza shoti.

Mguu wa kuingia uende kwenye F1 iliyosimama (au upande wa plagi wa mkato). Mguu wa kutoka uende kwenye kitako kilichoachwa na F1 (au upande wa pili wa mkato). GND popote penye GND. Kapasita moja kati ya kuingia na GND, nyingine kati ya kutoka na GND, ziwe karibu na miguu ya regyuleta. Usiziache ukisema "inafanya kazi bila". Itafanya kazi mpaka siku ambayo haifanyi.

7. Ondoa zena mbili. Karibu na plagi kuna dayodi mbili za zena za volti 3.6, kila moja kati ya waya wa data wa USB na GND. Kazi yake ilikuwa kubana ishara za volti 5 zisiudhi kompyuta. Sasa ishara zenyewe ni 3.3, na zena za namna hii huanza kuvujisha umeme kabla hata ya kufika volti zilizoandikwa. Matokeo yake ni USB inayokatika ovyo. Zitoe kabisa. Zile rezista mbili zilizoandikwa 680 usiziguse: hiyo ni omu 68, siyo 680, na zinahitajika.

8. Rekebisha rezista ya kuvuta D−. Iko rezista iliyoandikwa 222, kilo-omu 2.2, kutoka umeme wa bodi kwenda waya wa D− (nyaya mbili za data za USB ni D+ na D−). Ndiyo inayoiambia kompyuta "nipo hapa". Iliwekwa 2.2 kwa sababu umeme ulikuwa 5, kwa 3.3 inatakiwa 1.5. Unaweza kuing'oa uweke ya 152, lakini kwa nini ujisumbue? Panda 4.7 mgongoni mwa hiyo 2.2, miguu kwa miguu. Sambamba zinatoa 1.499. Mara chache hesabu za vipuri hutoka tamu hivi.

9. Jaribu kwa chaja ya simu kwanza, siyo kompyuta. Hamisha JP1 kwenye alama ya 5V. Nitaeleza sababu. Chomeka kwenye chaja, pima pini 2 na 10: unataka kati ya 3.2 na 3.4. Pima mguu wa 4, wa 6 na wa 18 wa chipu: zote zisome hivyohivyo. Gusa regyuleta kwa kidole. Ikiwa ya moto, chomoa, una shoti mahali. Ni heri iungue chaja uliyoiokota droo ya chini kuliko tundu la USB la laptopu.

10. Bandika lebo. JP1 sasa inakaa kwenye 5V daima, na alama hiyo inatoa 3.3. Ukiirudisha kwenye alama ya 3.3V, regyuleta ndogo ya zamani itapewa 3.3 na haitaweza kutoa 3.3, itatoa pungufu. Funika maandishi kwa plasta uandike "3.3 TU". Miezi mitatu baadaye utaishika USBasp hii umesahau ulichoifanya.

11. Chomeka kwenye kompyuta. Kwenye Linux andika `lsusb` utafute `16c0:05dc`. Ikionekana, kazi ya risasi imekwisha. Kwenye Windows itaonekana kwenye orodha ya vifaa, na dereva utaweka kwa Zadig (programu ya kuweka madereva ya USB) kama hukuwa nayo.

Kuunganisha bodi yako

Kichwa cha pini 10: 1 MOSI, 2 VCC, 5 RST, 7 SCK, 9 MISO (data ya kurudi), 10 GND. Kichwa cha pini 6 upande wa bodi: 1 MISO, 2 VCC, 3 SCK, 4 MOSI, 5 RST, 6 GND. Ndiyo, pini 1 ya huku siyo pini 1 ya kule. Fuata majina, usifuate namba.

Amua nani analisha. Ama programa inailisha bodi, ama bodi inajilisha kwa betri yake na wewe unatoa jampa ya JP1 kabisa ili VCC isiunganishwe. Visilishe vyote viwili kwa pamoja. GND iunganishwe kwa hali yoyote.

Halafu lipo jambo ambalo wachache hulizungumza. Unapoprogramu, ATmega inashikwa kwenye RST, na pini zake zote zinaachia. Pini uliyoiteua kuchagua redio (NSS, au CS kwa kadi ya SD) inabaki inaelea hewani. Redio inaweza kudhani imeitwa, ikaanza kujibu kwenye MISO wakati ATmega nayo inajibu. Wawili wakisema pamoja, avrdude inasikia makelele: mara saini ni sahihi, mara siyo, mara imepakia nusu. Weka rezista ya kilo-omu 10 kutoka NSS kwenda 3.3V, na nyingine kama hiyo kwa kila kifaa kinachotumia njia hizo. Bodi zangu zote sasa nazichora nayo tangu mwanzo. Kwenye bodi iliyokwisha tengenezwa, ilehemu juu ya miguu ya moduli, inaingia.

Jaribio la kwanza

Usianze kwa kupakia. Soma saini (namba ya utambulisho wa chipu) tu:

`avrdude -c usbasp -p m328p -B 10 -v`

ATmega328P inatakiwa ijibu `0x1e950f`. `-B 10` inapunguza kasi: chipu mpya kutoka kiwandani inakimbia megahezi 1, na SCK lazima iwe chini ya robo ya hapo, yaani chini ya kilohezi 250, ilhali USBasp kwa kawaida huanza na 375. Saini ikitoka sawa mara tano mfululizo, pakia:

`avrdude -c usbasp -p m328p -B 10 -U flash:w:mradi.hex:i`

Siku ya kwanza usiguse fyuzi za chipu yako. Na ukija kuziweka, kumbuka kwa volti 3.3 ATmega328P haifiki megahezi 16 kwa mujibu wa karatasi yake. Megahezi 8 ndiyo salama.

Kama chipu yako siyo A

Ing'oe uweke ATmega8A-AU, kisha uipakie programu ya USBasp kupitia JP2. Miguu 32 midogo, siyo kazi ya anayeanza. Njia nyepesi ni kuiacha programa kwenye volti 5 na kuweka 74HC4050 (chipu inayoshusha ishara za volti 5 ziwe 3.3) katikati, ikilishwa na 3.3 ya bodi yako: MOSI, SCK na RST zipite ndani yake, MISO ipite moja kwa moja, kwa kuwa ATmega8 kwenye volti 5 huhesabu volti 3.0 kuwa ni "juu". Weka kilo-omu 10 kutoka volti 5 ya programa kwenda upande wa kuingia wa RST, na ung'oe kebo ukimaliza kuprogramu, maana 4050 haijui kuachia.

Ikigoma

*Kompyuta haioni chochote, lakini volti 3.3 ipo.* Rudia hatua ya 7 na ya 8. Kisha angalia kama hukugusanisha D+ na D− ulipotoa zena. Vyote vikiwa sawa, mshukiwa ni fyuzi ya hatua ya 3.

*Inaonekana, inapotea, inaonekana.* Kapasita ya upande wa kutoka haipo au haijashika. Jaribu pia bila kitovu cha USB (hub) na kwa kebo fupi.

*"cannot set sck period. please check for usbasp firmware update."* Onyo tu. Programu ya ndani ya programa ni ya zamani na haielewi `-B`. Unganisha JP3, jampa ya kupunguza kasi ya SCK, itakwenda polepole lakini itakwenda.

*"target doesn't answer. 1"* Mara nyingi ni MISO na MOSI zimebadilishana, au RST haijaunganishwa, au bodi haina umeme. Pima VCC kwenye mguu wa chipu unayoiprogramu, usipime kwenye kebo. Ukiwa umewahi kuweka fyuzi za kristali ya nje na kristali haipo, dalili ni hii hii.

*Saini inabadilika kila mara.* NSS inaelea. Rudi kwenye rezista ya kilo-omu 10. Kama ipo, fupisha kebo iwe chini ya sentimita 20 na upandishe `-B` hadi 50.

*Inaprogramu vizuri, lakini bodi inajizima redio inapotuma.* RFM95 ikituma kwa nguvu zake zote, dBm 20, inavuta kama miliampea 120 kwa mkupuo. Jaribu redio kwa betri yake, siyo kwa umeme wa programa.

*Chipu ilikuwa inakubali, ukaweka fyuzi ya RSTDISBL ili upate pini moja zaidi, sasa haijibu.* Umezima RST yenyewe. Chipu hiyo sasa inadai volti 12 kwenye mguu wa RST ndipo isikie, na USBasp, iwe imebadilishwa au haijabadilishwa, haina volti hizo.